Mlango wa Uani kwa Bi. Mwavita

Ukiuliza Ujiji Bi. Mwavita alikuwa nani, watakuambia ni mke wa Mzee Kashindi, yule fundi wa mitumbwi, na wataona wamemaliza. Hawajamaliza. Mimi nilimfahamu kwanza kwa biashara, baadaye kwa mazoea, na kwa macho yangu habari zote za mtaa ule zilipita jikoni kwake kabla hazijafika kwa mtu mwingine. Nani anaolewa, nani kaachwa, nani mimba yake imetangulia harusi, nani kafiwa na hana sanda. Hakuwa mmbeya. Mmbeya huchukua habari akaenda kuzitumia. Yeye alizipokea, akaamua nani apelekewe chakula, nani apelekewe maneno makali, na nani aachwe kwanza apoe.

Alikuwa mama mnene, mweusi wa kung'aa, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Jina lake lilikuwa la ng'ambo ya ziwa, kule ambako mtoto wa kike akizaliwa wakati wa vita huitwa hivyo. Aliletwa Ujiji akiwa mgongoni kwa mama yake na hakurudi tena. Alizaa, akazika baadhi, akabaki na mmoja, Sadiki, aliyekuwa karani bandarini Kigoma.

Nyumba yao ilikuwa kama nyumba zote za mtaa ule. Mbele baraza, katikati ukumbi, vyumba huku na huku, na nyuma uani penye jiko, kisima na choo. Barazani palikuwa pa wanaume. Uani hapakuwa pao, hata mwenye nyumba alikohoa kabla ya kutokeza. Sasa kuna jambo ambalo mgeni hakuliona. Nyua zile zilipeana mgongo, na katika zile nyuzio za matete kulikuwa na mapengo. Mwanamke alitoka kwa Bi. Mwavita, akapita kwa Bi. Zuhura, akapita kwa Bi. Kabibi, akafika karibu na msikiti bila kukanyaga barabara na bila kumwomba mtu ruhusa. Bakuli za mchuzi zilipita humo, na watoto wachanga, na wagonjwa, na bibi harusi. Mapengo yale hayakuwa na jina. Hayakuitwa njia, kwa sababu wanawake wale hawakuhesabu kwamba wametoka nje. Kwao nyua zote zile zilikuwa ndani.

Mimi niliuza saruji, matofali na mbao karibu na soko. Ni Muha wa Kasulu, Mkristo. Uani nilikaribishwa kama mwanamke, barazani kama mfanyabiashara, ndiyo maana naweza kueleza mambo ya pande zote mbili. Wenyewe wa pande hizo walikuwa hawasimuliani.

Mwaka wa tisini na sita ng'ambo pakawaka vita. Mitumbwi na maboti yakaanza kushusha watu, wengine na magodoro, wengine na mwili tu. Nyumba nyingi za Ujiji zilikuwa na ndugu upande ule, na uani kwa Bi. Mwavita pakajaa shangazi, wakwe na watoto ambao hakujua hata wanahusianaje. Alipika kwa masufuria ya harusi. Baadaye malori yakawachukua kwenda kambini Lugufu, uani pakabaki pakubwa mno, na mashirika yakaingia mjini.

Mashirika yalitaka nyumba. Mji wetu ulikuwa haujawahi kutafutwa namna ile. Mwenye nyumba yenye bati na bomba alivaa shati la pasi akasubiri magari meupe. Na kila shirika lilitaka mambo yaleyale: ukuta mrefu, vipande vya chupa juu yake, geti moja, mlinzi getini. Baraza zikavunjwa, maana mlinzi hawezi kulinda mahali ambapo kila mtu anakaa. Mimi sikulalamika. Ukuta ni matofali, na matofali yalikuwa yangu.

Mzee Kashindi wakati huo alishaanza kuvimba miguu. Kwenda hospitali Maweni na kurudi, dawa na nauli, vilishinda mshahara wa Sadiki. Shirika moja likaja, likaitaka nyumba. Wakakubaliana barazani: shirika lichukue nyumba ya mbele, wazee wabaki katika vile vyumba viwili vya uani, ukuta uzunguke vyote. Mkuu wa ofisi yao alikuwa Elinipa, mama wa Kipare, mpole, msomi, mwenye miwani. Wa usalama alikuwa Rodgers, aliyewahi kuwa askari, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Siku ya kupima mpaka nilikuwepo, kwa sababu nilitaka kujua nitauza matofali kiasi gani. Mzee Kashindi aliwatembeza kwa fimbo yake. Huku ni kwa fulani, huku ni barabara. Walipofika kona ya jiko alisimama. Nyuma ya jiko wanawake walikuwa wanasukana, na mwingine alikuwa bafuni anaimba. Mzee hakuweza kuwapeleka wanaume wageni huko, na hata yeye mwenyewe hakwenda. Akanyoosha fimbo, akasema mpaka unaendelea hivyo hivyo hadi kwenye mgomba. Rodgers akaitikia kwa kichwa. Fundi Selestini, Muha mwenzangu, alivuta uzi wake baadaye, akaona matete yamekatika mahali, akadhani ni uzio umechakaa. Akajenga. Ukiwauliza wote leo, hakuna aliyefunga njia. Walikuwa wanaume wenye heshima zao, na upande ule hawakuwahi kuupita.

Wiki ya ujenzi mzee alilazwa, na Bi. Mwavita alikuwa Maweni, analala chini ya kitanda cha mumewe. Aliporudi ukuta ulikuwa umempita kimo. Alimwambia Sadiki, na Sadiki akajibu kwamba mkataba umeshatiwa sahihi, na baba anahitaji dawa. Hilo lilikuwa kweli, akanyamaza. Na huko upande wa pili, Bi. Zuhura na wenzake walikuwa wameona tofali moja moja likipanda, wakangoja Bi. Mwavita awape neno. Hakuwapa, kwa kuwa hakuwepo. Wao wakachukulia kwamba amepata wapangaji wenye gari, na majirani wamekuwa wachafu.

Mzee Kashindi alifariki wakati wa mvua za masika. Mazishi yalikuwa makubwa, geti lilifunguliwa siku zile, watu wakajaa. Kisha geti likafungwa na Bi. Mwavita akaingia eda.

Kwa asiyejua, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwa mumewe miezi minne na siku kumi. Hatoki kwenda mjini, hajipambi, hajionyeshi kwa wanaume wasiomhusu. Ni kipindi kizito, lakini kwa desturi ya Ujiji hakikuwa cha upweke. Mjane alikuwa na watu kuliko mtu yeyote. Waliingia na kutoka kwa nyuma, mmoja na uji, mmoja na maneno, mmoja kuja tu kulala kidogo kwenye mkeka. Sasa kwa nyuma pamezibwa. Anayetaka kumwona aende barabarani, azunguke hadi getini, asimame mbele ya madereva waliokaa juu ya boneti, aulizwe na mlinzi anamtaka nani. Mlinzi mwenyewe, Dismasi, alikuwa mtu mzuri wa Heru, lakini si mwenyeji, na kazi yake ilikuwa kuuliza. Mwanamke wa mtaa ule abebe bakuli la mchuzi barabarani mchana, aulizwe kwa nini anakwenda kwa jirani yake? Walikwenda mara moja, wengine mara mbili. Kisha wakaacha.

Mimi nilipita getini bila tabu, kwa sababu nilikuwa nawauzia vitu. Nikaona yule mama anakwisha. Shingo ikatoka. Kile kicheko sikukisikia. Nesi aliyeletwa na Sadiki alisema presha imepanda. Shangazi mmoja akasema ni majini ya marehemu. Wengi walisema ni huzuni, na huzuni ilikuwepo, nani angeikataa. Lakini nimeona wajane wengi. Wanalia na wanakula. Huyu hakuwa analia.

Siku moja nilikuwa nimepeleka saruji ya kukarabati choo. Nikaingia kwake kumwamkia. Alikuwa amekaa kitandani ameelekea ukuta. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei asiyoiweza:

"Mama Feliksi, juzi asubuhi kulikuwa na kilio huko nyuma. Alikufa nani?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwuliza kama kweli hajui.

"Nitajuaje? Nilimwuliza Dismasi, akasema yeye hawajui watu wa huku. Nilisimama pale ukutani nikasikiliza sauti, nikasema huyu anayelia ni Zuhura, basi ni mtu wa karibu. Nikaanza kumwombea. Nimemwombea siku nzima bila jina."

Aliyekufa alikuwa Bi. Kabibi. Yule aliyepokea watoto wa Bi. Mwavita wote, waliokufa na aliyebaki. Nyumba mbili kutoka pale. Ikabidi nimwambie mimi, muuza saruji. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja kwenye ukuta wa chumba, akakaa hivyo, akaniambia niende zangu nisije nikachelewa na gari la watu.

Sadiki naye hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na nyumba Mwanga, mjini Kigoma, akaamua kumhamishia mama huko. Alimwambia kwamba dini haitaki mtu afe kwa kukaa ndani. Bi. Mwavita akakataa kabisa. Mume wake alimwacha katika nyumba ile, na eda ataimaliza humo. Sadiki akasema Jumamosi ijayo analeta gari, na kama hatatembea mwenyewe atabebwa. Nilimjua yule mama. Angebebwa, na huko Mwanga asingemaliza mwaka, maana hapa alinyang'anywa watu, huko angenyang'anywa hata nyumba ya mumewe.

Nikaenda kuongea na wapangaji. Sikwenda na machozi. Mtu wa ofisi ukimpelekea machozi anakupa pole, halafu ofisi inabaki kama ilivyokuwa. Nilikwenda na habari ya mlango.

Rodgers alinisikiliza akiwa amesimama. Akasema, "Mama, kanuni yetu ni geti moja. Mlango wa nyuma ni wa wezi."

"Sawa, baba. Na wakija watu wabaya wakasimama pale getini, nyie mnatokea wapi?"

"Hawawezi kuja."

"Ng'ambo nako walisema hivyo."

Akataka kujibu, lakini Elinipa aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba wenzao waliokuwa ng'ambo walipona kwa kupita dirisha la jikoni, na kwamba mmoja wao, mtu mnene, walimvuta kwa mikono. Rodgers akatazama dari. Kisha akasema basi, uwepo mlango wa dharura, wa chuma, wenye kufuli, na ufunguo ukae ofisini.

"Ofisi ikiungua, ufunguo utaungua pamoja nayo," nikamwambia. "Weka komeo kwa ndani. Anayelala uani alifungue."

"Kwa hiyo bibi ndiye atakayelinda usalama wa shirika?"

"Ameulinda mtaa mzima miaka thelathini, na hakuwa na redio ya mkononi."

Elinipa akacheka. Alinisindikiza hadi nje, akaniambia kwamba hakuwa mjinga, alielewa mlango ni wa nani. Chumba chake cha kulala kilikuwa kinapakana na uani. Usiku alimsikia bibi akiongea peke yake, akipanga watu kwa majina, nani yuko wapi, kama mwalimu anayeita darasa lisilo na wanafunzi. Alitaka kumsaidia, alimpelekea matunda, akashukuriwa kwa adabu na matunda yakaoza. "Kwetu Same nyumba zimeachana," akasema. "Sikujua ukuta unaweza kumfanya mtu hivi." Nikamwambia hata wenyeji hawakujua. Mlango niliwauzia mimi. Sikuutoa bure, wala bei sikuipunguza kwa ajili ya msiba.

Selestini akatoboa ukuta Jumatano, mahali palepale matete yalipokuwa yamekatika. Akatia fremu, akapaka rangi ya kijani iliyobaki dukani. Bi. Mwavita alimwangalia kupitia upenyo wa pazia. Alipoondoka, mama akatoka, akavuta komeo, akauacha mlango wazi, akarudi kukaa kwenye kigoda.

Hakuna aliyekuja. Alhamisi pia hakuja mtu. Niliona kuku wa Bi. Zuhura wakiingia, wakitoka, lakini mwenyewe hakutokeza hata ukosi.

Ijumaa nikazunguka kwa barabara hadi kwake. Alikuwa anachambua mchele na wenzake wawili. Nikauliza mbona mlango uko wazi na mjane yuko peke yake.

"Alipojenga ukuta alituuliza?" akasema Bi. Zuhura bila kuinua macho.

"Hakujenga yeye. Alikuwa Maweni."

"Alirudi. Mdomo alirudi nao. Angesema hata kwa juu ya ukuta, jamani eh, yamenifika. Hakusema. Na matofali uliuza wewe, Mama Feliksi, usijifanye malaika."

"Niliuza. Hata wewe ukitaka ukuta nitakuuzia."

Wenzake wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Yeye hakucheka. Akasema Kabibi alikufa akimwulizia Mwavita, na Mwavita hakutuma hata neno la pole. Nikamweleza kwamba hakujua. Akaacha kuchambua. Akaniangalia muda mrefu, akiona kama namwuzia kitu. Kisha akasema, "Aseme mwenyewe."

Nikarudi kwa Bi. Mwavita. Yeye akanijibu kwamba mwenye msiba haendi kuita watu, watu ndio humjia mwenye msiba, na kama Zuhura amesahau hilo basi amesahau mengi. Na wote wawili walikuwa sahihi kwa desturi yao. Nimefanya biashara na Wahindi, Warundi na maafisa wa serikali, lakini sijawahi kukutana na wauzaji wawili wagumu kama wale, kila mmoja ameshikilia bei na wote wanataka kuuza.

Jumamosi Sadiki akaja na pikapu. Nilikuwepo, nilijifanya nimekuja kutazama bawaba. Alifunga godoro la mama kwa kamba, akalipeleka garini, akarudi kuchukua mkeka na sanduku. Mama alikuwa jikoni na birika juu ya jiko la mkaa. Alisema asubiriwe anywe chai. Sadiki akasema sawa, akatoka kukaa garini.

Bi. Mwavita alitazama lile jiko. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu. Akachukua kata ya maji, akaumwagia wote. Moshi na majivu vikapanda. Nikajua akili yake imefika mahali, lakini sikujua wapi. Akaokota kigae cha chungu kilichovunjika, akaenda hadi mlangoni, akasimama ndani ya kizingiti, vidole vya miguu havijavuka.

Kuomba moto kwa jirani ni jambo la Ujiji la tangu zamani, kabla ya viberiti kuwa vya bei rahisi. Mtu huja na kigae, huchukua kaa moja, huondoka. Hata mliogombana mnapeana moto, na anayeomba hatakiwi kueleza chochote. Hasemi samahani, wala hasemi umenikosea. Anasema anataka moto.

"Hodi huko," akaita. "Naomba moto."

Nilisikia ungo ukiwekwa chini. Kisha sauti ya Bi. Zuhura, kavu:

"Moto upo. Uje uuchukue, mie mikono yangu ina unga."

"Nina eda, Zuhura."

"Najua una eda, nilikuwepo kwenye mazishi. Nani kakwambia kwangu ni nje?"

Bi. Mwavita alisimama pale. Aliangalia kizingiti cha saruji kama mtu anayepima kina cha maji. Kisha akavuka, kigae mkononi, khanga akiishika kichwani, na nikamwona Bi. Zuhura amesimama katikati ya uwanja wake, na mikono yake haikuwa na unga hata chembe.

Walianza kulia, wote wawili, na wale wengine wakatoka majikoni kwao. Walimlilia Kabibi upya, kisha Mzee Kashindi, kisha sijui nani. Mimi nikauvuta mlango bila kuufunga. Kilio cha wenyewe hakihitaji mtazamaji.

Birika lilishapoa kabisa Sadiki alipokuja kutoka garini kuuliza chai gani isiyokwisha. Nikamwambia mama yake amekwenda kuomba moto.

"Moto wa nini? Kiberiti si hiki hapa dirishani?"

Kutoka upande wa pili tulisikia wanawake wengi wakiongea kwa pamoja, mmoja akimkatiza mwenzake, mtoto akilia, kijiko kikigonga sufuria, na sauti ya mama yake ikiuliza kwa ukali ni nani aliyemwacha binti ya Kabibi alale peke yake kwenye nyumba ya msiba. Kisha ikamwita kwa jina mmoja aondoke sasa hivi akamlete.

Sadiki alisikiliza, mkono mmoja kiunoni. Alikuwa hajaisikia sauti ile tangu baba yake alazwe. Alirudi kwenye pikapu, akafungua kamba, akajitwika godoro kichwani, na Dismasi akamshikia geti.